Kilele Hakiuzwi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipia Safari ya Mlima Kilimanjaro

Mada iliyowasilishwa kwa viongozi na wanachama wa vikundi vya kuweka akiba



Mmezoea kutusikia tukizungumzia mizani ya sokoni, bidhaa zilizokwisha muda wake na vyombo vya umeme visivyokidhi viwango. Leo tumekuja kuzungumzia mlima, na huenda wapo wanaojiuliza mlima unahusiana vipi na haki za mtumiaji wa huduma.

Kwa miaka mingi kupanda Kilimanjaro kulihesabiwa kuwa shughuli ya wageni. Mwenyeji alikwenda mlimani akiwa mpagazi, mpishi au mwongozaji. Alibeba mzigo wa mwingine na kulipwa ujira wake. Hali hiyo inabadilika. Watumishi wa umma, wanafunzi, wafanyabiashara wadogo na vikundi kama vyenu sasa huchangishana fedha ili wapande wenyewe, hasa kuelekea tarehe 9 Desemba, kwa kumbukumbu ya mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na kuwasha Mwenge wa Uhuru kileleni. Ni jambo la kujivunia. Lakini mwananchi anapotoa fedha yake ili apelekwe mlimani na kurudishwa salama, anakuwa mtumiaji wa huduma, na yule anayepokea fedha hiyo anakuwa mtoa huduma mwenye wajibu wa kisheria. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Huduma hii ina upekee mmoja. Ukiuziwa pasi mbovu, utaigundua ukiwa nyumbani, karibu na majirani, na duka utalirudia kesho yake. Ukiuziwa safari mbovu ya mlima, utaigundua usiku, kwenye baridi kali, mahali ambapo hakuna duka wala zahanati, na ambapo msaada pekee ulio karibu ni watu walewale uliowalipa. Kwa hiyo uchunguzi ambao kwa bidhaa nyingine hufanywa baada ya kununua, kwa mlima hauna budi kufanywa kabla.

Tunanunua nini hasa?

Tuanze na swali lionekanalo jepesi. Mtu anapolipia safari ya Kilimanjaro, ananunua nini? Wengi hujibu: ananunua kufika kileleni. Jibu hilo si sahihi, na makosa mengi huanzia hapo. Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile tulilozoea Tanga au Dar es Salaam, na kila pumzi huingiza oksijeni karibu nusu ya ile ya pwani. Hakuna kampuni inayoweza kuahidi jinsi mwili wako utakavyolipokea jambo hilo. Kijana mwenye misuli hushindwa, na mama wa makamo aliyekwenda polepole hufika.

Tunachonunua ni huduma inayotupa nafasi ya haki ya kujaribu, na inayotulinda tukishindwa. Ndani yake yamo malipo ya hifadhi, mwongozaji mwenye leseni na wasaidizi wake, wapagazi wa kutosha, chakula, malazi, usafiri hadi lango la hifadhi, na mpango wa kumshusha mgonjwa. Hayo yote yanahesabika na kuandikika. Kilele hakiandikiki katika mkataba kwa sababu hakimilikiwi na muuzaji.

Ufahamu huu una faida ya pande mbili. Kwanza, unatuzuia kudai kisichodaika: mtu akiugua na kurudi kutoka mita 4,700, huku huduma zote alizoahidiwa zimetolewa, hana shauri dhidi ya kampuni. Pili, unatupa nguvu ya kudai kinachodaika: mtu akifika kileleni kwa bahati yake huku chakula kimepungua na mwongozaji aliyeahidiwa hakuwapo, bado amevunjiwa mkataba. Picha yake akiwa ameshika bendera haifuti haki yake.

Siku inayopunguzwa

Katika matangazo ya safari hizi, tofauti kubwa ya bei hutokana na idadi ya siku. Tuichukue njia ya Marangu, ambayo vikundi vingi vya wananchi huipenda kwa kuwa ina vibanda vya kulala badala ya mahema. Lango lake lipo chini kidogo ya mita 2,000. Usiku wa kwanza hulalwa Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili hulalwa Horombo, mita 3,720. Kituo cha tatu ni Kibo, takriban mita 4,700, na kutoka hapo watu huamshwa karibu na usiku wa manane kuanza safari ya mwisho, ambayo ni mpando wa takriban mita 1,200 kabla ya jua kupanda juu.

Sasa tupige hesabu. Ushauri wa kitabibu unaokubalika kwa wapanda milima ni kwamba, mtu akishavuka mita 3,000, asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali alipolala jana na atakapolala leo, na kwamba kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya kuuzoesha mwili. Katika njia ya Marangu kila kituo kimezidi kilichotangulia kwa takriban mita 1,000. Hiyo ni mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa.

Ndiyo maana safari ya siku sita katika njia hiyo huongeza usiku mmoja zaidi Horombo. Mchana wa siku hiyo watu hupanda hadi kwenye Miamba ya Pundamilia, takriban mita 4,000, kisha hurudi kulala palepale. Safari ya siku tano huiondoa siku hiyo. Katika tangazo, tofauti hiyo huonekana kama punguzo: unaokoa siku ya likizo, gharama ya kibanda, chakula na ujira wa watu. Kwa hakika kilichoondolewa ndicho kilichokuwa kinga yako kubwa kuliko zote. Mtu anayechagua siku tano badala ya sita asidhani amechagua bei tu. Amefanya uamuzi wa kiafya bila kushauriwa na daktari.

Njia nyingine, kama Machame, Rongai na Lemosho, nazo zina ratiba za urefu tofauti, na kanuni ni ileile. Linganisha kimo cha kulala cha kila usiku, na siyo tu jina la njia na jumla ya fedha. Kampuni ya kweli itakupa orodha ya vimo hivyo bila kusitasita.

Shauri la kikundi cha watu kumi na wawili

Tuwasimulie mfano mmoja. Tumeuvua majina, mji na tarehe, kwa kuwa kusudi letu ni funzo.

Kikundi cha akiba chenye wanachama kumi na wawili, wengi wao walimu, kilijiwekea fedha kwa miezi kumi na moja ili kipande mlima mwezi Desemba. Kiliona tangazo kwenye simu lililosema kwamba kila kitu kimo ndani ya bei, na bei yenyewe ilikuwa chini sana kuliko za kampuni nyingine tatu walizoziuliza. Mweka hazina alituma fedha kwa awamu nne kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hakukuwa na mkataba wa maandishi. Mwenye kampuni alisema, “Sisi ni ndugu, hatuandikishiani.”

Jioni ya kuamkia safari waliambiwa kwamba siku ya ziada Horombo haikuwamo ndani ya bei. Wawili waliamua kurudi nyumbani. Kumi walipanda kwa ratiba ya siku tano. Wapagazi walikuwa pungufu, na chakula kilianza kupimwa kwa vijiko kuanzia siku ya pili. Waongozaji waliahidiwa wanne, akaja mmoja.

Walipofika Kibo, mwanachama mmoja mwanamke alikuwa akitapika na kuumwa kichwa, na alipoinuka kwenda nje aliyumba kama mtu aliyelewa. Kuyumba huko ni dalili ya hatari, kwani huenda maji yameanza kujaa kwenye ubongo, na tiba yake ya kwanza ni kushuka mara moja. Lakini mwongozaji alikuwa mmoja. Akishuka na mgonjwa, tisa waliobaki hawatakuwa na wa kuwaongoza, nao wamelipa. Akipanda na hao tisa, mgonjwa atabaki kibandani saa nane au tisa. Mwongozaji akamwambia apumzike, anywe chai, awasubiri warudi.

Mwenzake, ambaye ni muuguzi, alikataa. Alivaa viatu vyake, akamwomba mpagazi mmoja kijana awasindikize, na wale watatu wakashuka usiku ule hadi Horombo wakiwa na tochi mbili. Walipofika, mgonjwa alikuwa tayari ameanza kutembea sawasawa. Leo ni mzima, na ndiye aliyeandika barua ya malalamiko iliyotufikia.

Tulipoipitia hesabu ya safari ile, tuliona jambo ambalo tungependa kila mmoja wenu aondoke nalo. Ile nafuu ya bei iliyowafurahisha wanachama haikuwa zawadi. Ilikuwa imetolewa mahali fulani. Ilitoka katika ujira wa waongozaji watatu ambao hawakuajiriwa. Wanachama waliiona nafuu hiyo mwezi Machi walipolipa awamu ya kwanza, na gharama yake wakaiona Desemba, usiku, ndani ya kibanda cha Kibo.

Bei nafuu hutoka wapi?

Hatusemi kwamba kila bei nafuu ni ya udanganyifu. Kampuni yenye wateja wengi au yenye magari yake yenyewe inaweza kweli kupunguza bei. Tunachosema ni kwamba mlima una gharama zisizopungua, na mtumiaji mwerevu huzijua kabla ya kuanza kupatana.

Kuna ada za hifadhi: ya kuingia kwa kila siku, ya kibanda au kambi kwa kila usiku, na ya uokoaji. Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa viwango vilivyo chini sana kuliko vya wageni wengine, lakini ada hizo zipo na hazina punguzo la kirafiki. Viwango hubadilika, kwa hiyo viulizeni moja kwa moja katika ofisi za hifadhi. Ada zote hulipwa kwa mfumo wa malipo ya Serikali, kwa namba ya kumbukumbu inayoonesha kiasi na mlipaji. Kampuni ikidai imekwisha kulipa, iombeni stakabadhi yenye namba hiyo.

Kuna ujira wa watu. Mzigo wa mpagazi mmoja hautakiwi kuzidi kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Ukijua kilo za mizigo ya kikundi, pamoja na chakula, gesi ya kupikia na vyombo, unaweza kuigawa mwenyewe na kuona idadi ya wapagazi inayohitajika. Kampuni ikileta pungufu, ama mzigo utafichwa na kugawanywa upya baada ya kupita langoni, ama kuna kitu kimeachwa chini, na mara nyingi kitu hicho huwa chakula au vifaa vya dharura.

Ndugu zetu, hapa pana suala la utu pia. Mpagazi anayelala na nguo zilizolowa, anayekula mlo mmoja kwa siku na kutegemea bahashishi pekee kwa sababu hakulipwa ujira wake, ndiye huyohuyo utakayemtegemea akushike mkono ukiishiwa nguvu. Kumwonea yeye ni kujihatarisha wewe.

Maneno ya matangazo na maana zake

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mtumiaji, ukiwamo utoaji wa maelezo ya uongo kuhusu ubora, bei au faida za huduma. Hata hivyo, yapo maneno yasiyo uongo wa wazi, lakini yanamwacha msomaji akidhani jambo ambalo halikusemwa. Tuyatazame matatu.

Neno la kwanza ni “kila kitu kimo”. Neno hili halina maana hadi liandikwe orodha. Muulizeni muuzaji orodha mbili, ya vilivyomo na ya visivyomo. Hakikisheni mmeona vibanda au mahema, usiku wa hoteli kabla na baada ya safari, maji ya kunywa, mfuko wa kulalia, usafiri wa kurudi kutoka langoni, na bahashishi. Orodha ya visivyomo ndiyo yenye ukweli zaidi, na muuzaji asiyetaka kuiandika anajua kwa nini hataki.

Neno la pili ni “asilimia fulani ya wateja wetu hufika kileleni”. Ulizeni kilele kipi. Katika njia ya Marangu mpandaji hufika kwanza Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, ambapo pana kimo cha takriban mita 5,685, na kutoka hapo bado kuna mwendo mrefu hadi Uhuru. Kuna cheti kwa anayefika Gilman's Point na kingine kwa anayefika Uhuru. Kampuni inayohesabu vyote kwa pamoja hupata asilimia nzuri sana. Ulizeni pia asilimia hiyo ni ya wateja wangapi na wa ratiba ya siku ngapi.

Neno la tatu ni “njia fupi” au “njia yenye mandhari ya pekee”. Ufupi katika mlima mara nyingi humaanisha mwinuko mkali, na upekee mara nyingine humaanisha hatari isiyo ya kawaida. Mwezi Januari 2006, wapandaji watatu kutoka Marekani walipoteza maisha kwa maporomoko ya mawe katika njia ya Western Breach. Mtumiaji ana haki ya kuelezwa tabia ya njia anayouziwa kabla ya kutoa fedha, wala si akiwa tayari chini ya ukuta wa mawe.

Maswali saba kabla ya kulipa

Tunapendekeza kila kikundi kiyaulize maswali yafuatayo kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, na kiyahifadhi majibu.

1. Je, kampuni ina leseni hai ya biashara ya utalii kwa mwaka huu? Leseni za biashara hii hutolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Ombeni nakala, na hakikisheni jina lililomo ndilo jina la akaunti mnayolipia. Fedha isitumwe kwenye namba ya mtu binafsi.

2. Tutakuwa na waongozaji wangapi wenye leseni, na majina yao ni nani? Kanuni za hifadhi haziruhusu kupanda kwenda kileleni bila mwongozaji aliyesajiliwa. Lakini mmoja hatoshi kwa kikundi. Kanuni yetu ni hii: hesabuni waongozaji, kisha ondoeni mmoja anayeshuka na mgonjwa. Waliobaki wanatosha?

3. Kila usiku tutalala kimo gani, na siku ya kuuzoesha mwili ni ipi?

4. Mtapimaje afya zetu njiani? Kampuni makini huwauliza wateja hali zao asubuhi na jioni, na hubeba kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni katika damu. Aidha, ulizeni kama kuna mtungi wa oksijeni, na nani amefunzwa kuutumia.

5. Mtu akiugua usiku, nani anamshusha, kwa njia gani, na nani analipa? Kama mna bima, someni kimo cha mwisho kinacholindwa na bima hiyo. Bima nyingi za kawaida huishia chini ya kimo cha Kilimanjaro.

6. Tukiahirisha, au ninyi mkiahirisha, tunarudishiwa kiasi gani na ndani ya siku ngapi?

7. Wapagazi watalipwa kiasi gani kwa siku, mbali na bahashishi? Swali hili huwashangaza wauzaji, na jibu lake hueleza mengi kuhusu kampuni.

Kampuni isiyojibu maswali haya ikiwa mjini, penye mtandao na muda wa kutosha, haitayajibu mlimani.

Wajibu wetu wenyewe

Haki haitembei peke yake. Mtumiaji naye ana wajibu, na wa kwanza ni kusema kweli kuhusu mwili wake. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu, pumu au selimundu, na mama mjamzito, amwone daktari kabla ya kulipa, na amweleze mwongozaji kabla ya kuondoka. Dawa za kuzuia maradhi ya mwinuko zipo, lakini daktari ndiye aamue nani azitumie. Zisigawiwe kibandani kama peremende.

Wajibu wa pili ni kutoficha dalili. Maumivu ya kichwa yakiandamana na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au uchovu usio wa kawaida, ni ishara kwamba mwili haujazoea. Katika hali hiyo mtu asipande zaidi mpaka dalili ziishe. Zikizidi, ashuke. Akianza kuyumba, kuchanganyikiwa, kukohoa mapovu au kuhema hata akiwa amekaa, ashushwe saa ileile, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Tunajua ugumu wake. Mtu aliyeweka akiba miezi kumi na moja, na aliyekwisha kuwaaga jamaa kwamba anakwenda kileleni, huona aibu kurudi. Viongozi wa vikundi, tunawasihi mkubaliane mapema, mkiwa bado nyumbani, kwamba kurudi si fedheha. Makubaliano yaliyofanyika nyumbani humsaidia mgonjwa kuliko hoja za saa sita za usiku.

Wajibu wa tatu ni maandalizi. Kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, na upepo huiongeza makali. Mnaokodi mavazi na mifuko ya kulalia, yakagueni dukani: vuteni zipu, vaeni viatu na soksi nene mtembee nazo, na muandike kasoro zilizopo ili msije mkatozwa wakati wa kurudisha. Miezi ya Machi hadi Mei ni ya masika, na Novemba huwa na mvua za vuli. Bei za miezi hiyo hupungua kwa sababu hiyo.

Na si lazima kila kikundi kianze na Kilimanjaro. Milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ina njia za siku moja au mbili kwa gharama ndogo. Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, ni shule nzuri ya kujua mwili wako unavyopokea kimo, nao hupandwa mkifuatana na askari wa hifadhi kwa sababu ya wanyama. Anayejipima huko kwanza hununua Kilimanjaro akijua anachonunua.

Mambo yakiharibika

Huduma ikikosekana njiani, mwambieni mwongozaji mbele ya mashahidi, na muandike siku, saa na mahali. Pigeni picha ya chakula, hema au mfuko uliochanika. Mkishuka, waandikieni wenye kampuni mkieleza kilichoahidiwa, kilichotolewa na mnachodai, na muwape muda wa kujibu. Wasipojibu, au wakijibu isivyoridhisha, leteni shauri kwetu mkiwa na nakala za tangazo, ujumbe wa simu, stakabadhi na majina ya mashahidi. Mambo ya leseni pelekeni kwa wizara yenye dhamana ya utalii. Penye dalili za wizi wa wazi, kama vile mtu kupokea fedha na kuzima simu, nendeni polisi bila kuchelewa.

Mtauliza, kile kikundi cha watu kumi na wawili kilipata nini? Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, lakini mdomo hauna nakala. Kilichowaokoa ni kwamba mwanachama mmoja alilihifadhi lile tangazo, na mweka hazina hakufuta ujumbe wa kuahidiwa waongozaji wanne na usiku wa ziada Horombo. Kwa ushahidi huo walirudishiwa sehemu ya fedha zao, na wale wawili waliorudi nyumbani walilipwa zaidi ya wenzao. Madai yao ya chakula hayakufika mbali, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika popote. Wala hakuna fedha iliyolipwa kwa ajili ya saa zile za kushuka gizani, kwa kuwa saa za namna hiyo hazina bei.

Ndugu zetu, Kilimanjaro ni mali yetu sote, na hatupendi mtu yeyote aondoke hapa akiuogopa. Pandeni. Wapelekeni watoto wenu wakiwa wakubwa wa kutosha. Lakini kabla mweka hazina hajabonyeza namba ya siri kutuma awamu ya kwanza, kikundi kiketi, kisome orodha ya vilivyomo na visivyomo, kihesabu waongozaji, na kiondoe mmoja.